Kura za Muganga Yakobo

Buffalo, Ijumaa mchana, Agosti 2015

Naomi, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya koti, ya mafuta ya ngozi, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua na ya kupiga simu kila Jumapili. Hapo mimi sina la kuongeza. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, wadogo zako umewachukua, na nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Louisville, kwa shangazi yako Debora kule Shively, kuanza masomo ya uuguzi. Nina habari moja ya kukupa kabla hujaondoka, na kwa mdomo nimeshindwa. Wiki hii nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi. Nilisema, "Naomi, unajua..." Ukageuka, ukanijibu kwa Kiingereza kwamba unanisikiliza, nami nikakuuliza kama pasi haijapata moto kupita kiasi. Mara ya pili sitaki hata kuieleza.

Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili, na herufi naziachanisha, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha kusoma kambini na najua bado unakisoma polepole. Usiharakishe.

Katika kanisa la shangazi yako kuna mama mmoja anaitwa Mama Sifa. Utakutana naye Jumapili ya kwanza. Umewahi kumwona mara moja, mwaka jana, nje ya ule ukumbi wa Shively wanamosali. Alikuwa analia, ukampelekea maji. Uliponiuliza usiku ule ni nani, nilikujibu kwamba ni mama aliyechanganyikiwa kwa msiba. Nilikudanganya. Mama Sifa ana akili timamu kuliko mimi. Kila alichosema siku ile ni kweli, na sitaki ukisikie kwake, wala kwa wapishi wa kanisa, kabla hujakisikia kwangu.

Nianze na Kanali.

Wewe unamjua kama yule mgeni mwenye suti aliyekuja kula hapa kwetu, akakushika kichwa na kusema umekua. Lakini wakati wa vita, Kanali ndiye alikuwa serikali ya milima yetu juu ya Uvira. Mtu hakwenda sokoni bila karatasi yenye muhuri wake. Watu wakigombana shamba, hukumu ilikuwa yake. Wakigombana mke, hukumu ilikuwa yake. Gereza lake lilikuwa ghala la zamani la kahawa, chini karibu na mto, na watu wakipita pale walikuwa wanaacha kuongea mpaka wavuke. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Kanali alipokuja kutembelea shule, watoto walimwimbia, na nyimbo hizo nilizitunga mimi. Sikulazimishwa kuzitunga. Niliambiwa tu kwamba anapenda nyimbo.

Vita ilipokwisha kwenye karatasi, Kanali alivua gwanda, akavaa suti ya kijivu iliyombana mabegani, akaanzisha chama na kusema sasa anataka kuchaguliwa mbunge. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza maishani mwetu wenye majina mengi kwenye karatasi. Siku yenyewe watu walipanga foleni tangu alfajiri. Bibi yako alivaa kitenge chake cha harusi. Sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile kwa kusimama tu.

Miongoni mwa waliogombea na Kanali alikuwa Yakobo, muuguzi wa zahanati yetu. Sisi tulimwita Muganga. Wewe huenda unakumbuka mikono yake, kwa sababu ulipokuwa na miaka sita ulishikwa na degedege, naye akaja kwa miguu kutoka ng'ambo ya pili ya bonde, mvua inanyesha, akakaa nawe siku mbili. Alilala kwenye kiti. Mama yako alipomshukuru alisema, "Mushukuru Mungu, miye nilikuwa napita tu." Hakuna mtu anayepita tu kwetu, Naomi. Njia ile ilikuwa inaishia kwenye nyumba yetu.

Kituo cha kupigia kura kilikuwa darasa langu, na mimi nilikuwa mkuu wa kituo. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu. Jioni tulimwaga kura juu ya madawati, mashahidi wa wagombea wote wakiangalia, tukapanga mafungu. Kwa kila karatasi moja ya Kanali zilikuwepo tatu za Yakobo. Fungu la Yakobo lilikua mpaka likaanguka, tukalazimika kuligawanya mara mbili, na watu waliokuwa madirishani wakacheka kwa furaha. Nikaandika hesabu kwenye fomu. Mvua ikaanza, mashahidi wakatoka kwenda kula ugali chini ya paa la jiko la shule, nami nikabaki kuziba bahasha.

Hapo ndipo aliingia Safari. Zamani alikuwa mlinzi wa Kanali. Siku hizo alikuwa anaitwa katibu wa chama, na alipenda kuchanganya Kifaransa.

"Mwalimu, Kanali anakusalimia."

"Asante. Tumekwisha maliza."

"Bon, najua mmemaliza. Nimesikia watu wanacheka. Donc, umeandika namna gani?"

Nikamwonyesha. Akasoma kwa muda mrefu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari.

"Weye unaandika vizuri sana," akasema. "Andika tena. Majina yabakie pale yako. Hesabu tu ndiyo zibadilishane viti." Akaweka mezani fomu mpya, tupu.

Kwa miaka mingi nimejisimulia kwamba Safari alikuwa na bunduki. Nilimwambia mama yako hivyo. Nilimwambia mchungaji wa kambini hivyo. Nimeisimulia bunduki ile mpaka nikaweza kuiona, mkanda wake na kitako chake. Naomi, Safari alikuwa na mwavuli. Alikuwa ameshika mwavuli unaodondosha maji kwenye sakafu ya darasa langu, na mkono wa pili ulikuwa mfukoni. Aliangalia juu, akaona mahali paa lilipokuwa linavuja, akasema, "Shule hii inahitaji mabati. Na Kanali anatafuta mkaguzi wa shule, mtu wa hapa hapa." Hakuongeza neno lingine. Angenitisha? Labda, kama ningekataa. Sitajua kamwe, kwa sababu sikumpa nafasi ya kunitisha.

Niliandika. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuandika somo moja ubaoni. Mashahidi waliporudi waliweka sahihi zao bila kusoma, kwa sababu karatasi ilitoka mikononi mwangu. Shahidi wa Yakobo alikuwa mzee wa kanisa asiyejua Kifaransa, na fomu ilikuwa ya Kifaransa. Aliniuliza, "Ni ile ile, Mwalimu?" Nikasema ni ile ile. Akachovya kidole gumba kwenye wino.

Ndivyo Kanali alivyoshinda mara ya kwanza. Sijui yaliyofanyika vituo vingine, siwezi kusema kuhusu vingine. Najua changu.

Baada ya wiki moja Yakobo alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa mlangoni unachambua maharagwe. Nilitaka mama yako aseme sipo, lakini Yakobo alikwisha kuniona. Alikaa, akakataa chai.

"Mwalimu, miye sitaki kiti," alisema. "Nimekwisha kuona hawatanipa. Ila watu wa hapa wasiambiwe kwamba walimtaka yule. Walijisikia siku moja kama watu. Niandikie mistari miwili tu, nipeleke mjini."

Nikamjibu, "Hesabu niliyoandika ndiyo hesabu."

Aliniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasimama, akafika mlangoni, akainama akakuuliza kama degedege limewahi kurudi. Ukamwambia hapana. Akasema, "Vizuri sana," akaenda.

Alikwenda mjini bila mistari yangu. Huko walimwambia lazima mkuu wa kituo aulizwe, wakaniita. Niliweka sahihi chini ya maneno yasemayo kwamba Muganga Yakobo ni mwongo na anachochea watu. Akiwa njiani kurudi, watu wa Kanali walimkamata. Kanali mwenyewe alikuwa mheshimiwa mbunge, yuko mji mkuu, lakini ghala la kahawa lilikuwa bado lina ufunguo na ufunguo bado ulikuwa na mwenyewe. Yakobo alikaa mle wiki nyingi. Alipotoka, nyonga yake ilikuwa imevunjika, na hakutembea tena bila fimbo mbili. Mwezi ule ule mabati yalifika shuleni. Mimi nikawa mkaguzi. Nilikuwa napita mbele ya zahanati kwa pikipiki ya serikali, naangalia upande wa pili.

Unajua mwisho wa ukaguzi wangu. Mwaka uliofuata mapigano yalirudi, tukakimbia wote, rafiki wa Kanali na adui wa Kanali, kwenye njia moja ya kushuka Uvira. Sisi tulivuka kuingia Burundi. Mama Sifa, kwa sababu ni yeye aliyekuwa mke wa Yakobo, alifika Tanzania na watoto wanne. Yakobo hakufika. Hakuweza kutembea. Alimwambia mkewe, "Chukua watoto. Miye nitawafuata polepole." Wote wawili walijua maana yake. Hakuna aliyemwona tena. Haya sikuyajua mpaka mwaka huu. Nilijua tu kwamba hakuonekana, na sikuuliza, kwa sababu mtu asiyeuliza anaweza kuendelea kula.

Tulipokuwa kambini, kule nyumbani ulikuja uchaguzi wa pili. Kanali aligombea tena, na safari hii mwandiko wangu haukuwepo. Redio ikasema ameachwa mbali sana, na kwamba milimani kwetu ndiko alikopata kura chache kuliko kote. Nilikuwa kwenye foleni ya unga. Watu wakaanza kupiga makofi, nami nikakasirika, nikasema kwa sauti, "Wamemwibia! Kura za Kanali zimeibwa!" Mimi, Naomi. Mimi ndiye niliyesema kura zimeibwa, na nilikuwa nasema kwa moyo wote. Sijui mtu anafikaje pale. Nadhani nilihitaji ule ushindi wa kwanza uwe wa kweli, na kama ulikuwa wa kweli, basi huu wa pili lazima uwe wizi.

Sasa nifike Amerika, kwa sababu hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Ya kule nina mahali pa kuyaficha: vita, njaa, hofu. Ya hapa hayana pa kujificha.

Mwaka jana nilikuwa kiwandani, kwenye chumba cha mapumziko. Unajua kazi yangu, tunafua mashuka ya hospitali, na tangu tufike hapa hakuna mtu mle ndani anayejua kwamba niliwahi kusimama mbele ya darasa. Msimamizi ananiita kwa kunionyesha kidole. Simu ikalia, namba siijui, na sauti ikasema, "Mwalimu wangu!" Nilisimama, Naomi. Nilikuwa peke yangu na bado nimevaa glavu, nikasimama wima kama mtoto wa shule.

Kanali alikuwa anajiandaa kugombea mara ya tatu. Alitaka kutembelea watu wetu Louisville, Columbus na Buffalo, ili wao wawapigie simu ndugu zao nyumbani. Akasema anahitaji karatasi ndogo ya kugawa, inayoeleza historia yake ya uchaguzi, na kwamba hakuna anayeandika kama mimi. Hakuahidi kitu. Mabati hayakuwepo tena, wala ukaguzi. Aliniita Mwalimu, basi, na mimi nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Niliandika kwamba mara ya kwanza alichaguliwa kwa sauti moja ya wananchi wa milimani, na mara ya pili haki yake ilidhulumiwa. Halafu nikakupa wewe uipige kwenye kompyuta ya maktaba, kwa sababu wewe una vidole vyepesi. Unakumbuka? Uliipanga vizuri, ukaweka picha yake juu, ukaniuliza, "Daddy, kwa hiyo alishinda kweli?" Nikakujibu, "Mimi mwenyewe nilikuwa mkuu wa kituo." Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli. Nimedanganya watu wengi, lakini lile ndilo jibu linaloniamsha. Niliutia mkono wako kwenye kazi yangu ya zamani, na ukaifanya kwa usafi, kama ninavyofanya mimi.

Ya ukumbini Shively, mlipokwenda kuimba na kwaya, hukuyaona, kwa sababu mlikuwa nje na shangazi mnapanga sahani. Watu walijaa. Kanali alikaa mbele. Mimi nilisimama kwenye kipaza sauti nikaanza kusoma ile karatasi. Nilipofika kwenye "sauti moja ya wananchi," mama mmoja alisimama katikati ya viti. Sikumtambua. Alikuwa amekonda na amevaa sare ya wahudumu wa wazee, nadhani alitoka kazini moja kwa moja.

"Mwalimu," alisema, "miye ni Mama Sifa. Miye ni bibi ya Yakobo. Soma hesabu ya shule yetu."

Nilisema historia haina nafasi ya hesabu za kila shule.

"Donc nitasoma miye. Nilikuwa dirishani. Nilicheka na wengine. Weye uliandika, na weye unajua ulichoandika. Sema mbele ya hawa watu. Sema tu, miye nitakaa."

Watu wote waligeuka kuniangalia. Kanali hakugeuka, alikuwa anaangalia saa yake. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, Naomi, na hapakuwa na mtu yeyote katika ukumbi ule wa kuniumiza. Tulikuwa Kentucky. Polisi wa pale wangenilinda mimi. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti ya upole, "Ndugu zangu, mama huyu ana jeraha la msiba. Tumwombee." Nikafumba macho, nikaanza kuomba. Watu wetu ni watu wa kanisa, ukianza kuomba lazima wafumbe macho. Niliomba kwa muda mrefu, nikaomba vizuri. Nilipofumbua, kiti chake kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo wewe ulipompelekea maji. Mama Sifa ameniambia kwamba alikuuliza, "Weye ni wa Mwalimu?" ukasema ndiyo, akakukumbatia. Alijua ni mtoto wa nani aliyekuwa anamkumbatia. Fikiria hilo utakapomsalimu.

Asubuhi yake tulikwenda Columbus. Wewe ulirudi nyumbani na gari la kwaya, mimi nikapanda gari moja na Kanali. Alicheka njia nzima. Akanipiga bega: "Mwalimu, ulimaliza vizuri. Kama zamani." Nikakusanya ujasiri, nikamwuliza kama anamkumbuka Yakobo, muuguzi.

"Yakobo gani?"

"Aliyegombea nawe mara ya kwanza. Aliyefungwa kwenye ghala."

Akafikiri. Nakuambia alifikiri kweli, alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la mji. "Walikuwa wengi," akasema. "Wewe unajua namna siku zile zilivyokuwa." Akafungua dirisha kidogo kwa sababu ya joto.

Ungetegemea nikuambie kwamba nilishuka kwenye gari lile. Sikushuka. Columbus niliisoma tena ile karatasi, ila nikaruka mstari wa sauti moja, na kwa ule mstari mmoja nilioruka nilijiona nimefanya kitu. Huku Buffalo, siku ya mkutano wa Kanali mtaani East Side, nilisema naumwa tumbo. Nilimwacha mtu mwingine asome uongo wangu, nikalala nikiangalia ukuta, na nikajiona nimefanya kitu tena.

Mama yako alikwisha kujua. Siku Kanali alipokuja kula hapa, mama yako alipika, akaweka sufuria mezani, halafu akavaa koti akatoka kukaa barazani kwenye baridi mpaka wageni walipoondoka. Nilimfuata nikamwambia ameniaibisha. Akasema, "Nimepika kwa sababu ya wale wengine. Yule mtu, mtoto wangu alitibiwa na Yakobo, siwezi kumpakulia." Nikasema, "Alikuwa na bunduki, unajua." Akaniangalia. "Nani? Safari? Safari nilimpa miye ule mwavuli. Alipita kwetu kwanza, akaniomba kitu cha mvua."

Miaka yote ile, Naomi. Miaka yote ile nilikuwa namsimulia mama yako habari ya bunduki, naye anajua ni mwavuli wake, na hakusema. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Nilichelewa sana hata baada ya hapo. Niliomba namba ya Mama Sifa kwa shangazi yako wakati wa baridi, nikaipiga wakati theluji imekwisha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisimulia alivyomwacha mumewe, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza njia. Halafu akasema, "Mwalimu, samahani ya simu miye siitaki. Wakati ule ulijua kuandika. Andika na sasa. Ukimaliza, uje usome kwa kinywa yako, pale pale uliponiombea."

Nimeandika. Ni ukurasa mmoja. Una hesabu ya kituo chetu kama ilivyokuwa kabla ya mvua, ambayo sijaisahau hata siku moja, una jina langu, na unasema hapakuwa na bunduki. Unasema pia kwamba karatasi ile ya Kanali niliitunga mimi, na aliyeipiga chapa hakujua kitu. Nilitaka uione hiyo sentensi.

Kisha, na hili ni la wiki hii, nilifikiri kukupa bahasha umpelekee. Ingekuwa rahisi, si unakwenda huko huko? Nilikwisha kuweka hata jina juu yake. Mama yako aliikuta mezani. Akasema, "Mtoto alikuandikia uongo wako. Ukweli wako ubebe mwenyewe." Nikaichana ile bahasha, karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati.

Wazazi wengine wangekuwa na mashauri ya kukupa hapa. Nimekaa nikiyatafuta, kila nililoliona lina aibu kutoka kinywani mwangu. Nina jambo moja tu ninalolijua kweli. Mabaya yangu hayakupitia mahali nilipo dhaifu. Mwandiko wangu mzuri, sauti yangu nzuri ya kuomba, ndivyo walivyovitaka. Wewe una mikono mizuri, Yakobo alikuwa nayo kama hiyo, na nafurahi unakwenda kujifunza kazi yake. Watakaokuja kuomba mikono hiyo watakusifu kwanza. Mimi nilikuwa nasikia sifa tu, sikuwa nasikia ombi.

Sijui kama Kanali atagombea, sijui kama atashinda. Watu wanasema uchaguzi wenyewe huenda ukasogezwa. Karatasi yangu moja haitamzuia. Mama Sifa hakusema atanisamehe. Nilipomwambia nakuja alijibu, "Njoo. Miye sikuahidi kitu." Watu wa Shively ni wale wale tunaozika nao na kuozesha nao, na baada ya Jumapili hii baadhi yao hawatanisalimu, na huenda wewe wakakuangalia vibaya katika kanisa lako jipya, kwa kosa langu. Kwa hilo naomba unisamehe, na usipoweza sasa, sitakusumbua.

Umekwisha kuelewa nimesema "nakuja." Nimeomba ruhusa kazini. Mchungaji wa shangazi yako amenipa nafasi baada ya matangazo, na nitasimama palepale. Kesho nami nina tiketi ya basi lile lile. Sikukuambia mapema kwa sababu nilikuwa sijui kama nitaendelea na nia hii mpaka leo, na nisingependa uone nikibadilika tena.

Barua hii nitaiweka ndani ya viatu vyako, utaisoma kabla hatujatoka. Usinijibu hapa nyumbani mbele ya wadogo zako. Wewe utapanda basi kwanza, mimi nitabaki chini kidogo na mama yako. Ukitaka nikae kando yako, nishikie kiti, weka mkoba wako juu yake mpaka nifike, halafu uutoe. Ukiona huwezi, uache mkoba pale pale. Nitaelewa. Nitapita nikae nyuma, na Louisville tutafika pamoja.

Baba yako,
Elia